Mdomo wa Pugi

Hapa Kigumba, nyuma ya ghala la mahindi,
wako pugi wa aina mbili, nami nimewachanganya miaka mitatu.

Si kosa la macho.
Mgongo ni mmoja, rangi ya udongo uliokauka nusu.
Kiunoni mistari miwili myeusi,
kama mtu aliyefunga mkanda, akasahau, akafunga tena.
Wakiruka, mabawa yanawaka kutu,
kutu ileile.
Na wakilia hulia hivi:
pu... pu... pu, pu, pu-pu-pupupu,
mpira ulioponyoka ukadunda sakafuni,
kila mdundo ukizaa mwenzake mfupi.

Tofauti iko mdomoni.
Huyu wa vichaka vibichi, wa kando ya kijito,
mdomo mwekundu, ncha manjano,
utadhani kaonja papai akasahau kujipangusa.
Yule wa nyasi kavu, wa upande wa Karuma,
mdomo mweusi, basi.
Madoa ya bawani? Usiniambie madoa.
Jua likisogea hatua moja buluu inageuka kijani,
kijani zambarau,
na daftari langu linageuka uongo.

Abwoli wa mizani hanielewi.
"Aina mbili za nini? Wote wanakula mtama wangu."

Jumanne mmoja alijigonga kwenye kioo cha ofisi.
Nikamwokota barazani, uzito wake barua tupu,
moyo ukipiga viganjani mwangu kwa fujo.
Mdomo mweusi. Nimeuona mwenyewe, mweusi!
Nikatafuta kalamu.
Abwoli akalowesha pembe ya leso
akampangusa polepole, kama anavyompangusa mwanawe uji.
Yakatoka matope.
Chini yake wekundu,
na nchani manjano kidogo, punje ya ulezi.

Sikusema kitu. Naye, kwa hisani, hakusema.

Alipopata pumzi akaenda, chini chini, juu ya magunia.
Halafu, kwenye mwarobaini ng'ambo ya barabara,
mmoja akaanza: pu... pu... pu,
na mwingine, mbali, akadakia.
Yupi ni yupi?
"Si uandike," akasema Abwoli, akirudi kwenye mizani yake.

Tarehe nimejaza. Mahali nimejaza.
Safu ya mdomo iko wazi bado,
na kesho nitakwenda kukaa karibu zaidi,
nikiwa na kitambaa.