Niambie Nisimame Wapi

Kijiji chetu hakijaona jua tangu Novemba.
Mlima umelikalia, nasi tumezoea:
taa za darasa huwaka alfajiri hadi kengele ya mwisho,
na watoto tisa wa miaka kumi na mmoja
hukausha soksi zao juu ya bomba la moto
huku kompyuta zikinguruma.

Januari hii nimewapa kazi:
tengenezeni tovuti ya siku jua linaporudi,
siku ya chapati za maji na kahawa,
ili atakayeifungua ajue saa, ajue mahali, aje.
Hayo tu. Nilisema, hayo tu.

Hrafnkell amemwaga theluji inayoanguka juu ya maandishi,
kana kwamba ile ya dirishani haitoshi.
Ylfa ana aina saba za herufi,
kila sentensi imevaa kama bibi harusi.
Sóldís ameandika kijivu juu ya kijivu.
"Inapendeza," anasema, na kweli inapendeza,
kama ukungu unavyompendeza asiye na safari.
Bergsteinn ana mistari mitatu na namba ya simu,
kisha kalalia kibodi.

Sikuwakemea. Niligawa glavu za sufu,
zile nene za wavuvi, nikasema:
sasa bonyezeni vitufe vyenu.
Kidole gumba cha Ylfa kikaomba ratiba, kikapewa ramani,
kikaomba ramani, kikapewa picha ya mbwa.
Wakacheka hadi mwalimu wa hesabu akagonga ukuta.
"Ndivyo alivyo mama yako bandarini," nikamwambia,
"mkono mmoja una kamba, wa pili una simu,
na chaji imebaki asilimia sita."
Vitufe vikanenepa mchana uleule.

Mgeni njoo, mwenyeji apone:
Ijumaa nikamleta Oddgeir, fundi wa piano.
Hajaona tangu utotoni.
Simu yake humsomea kila kitu mbiombio
kama dalali mnadani.
Akafungua ukurasa wa Hrafnkell. Simu ikasema:
picha. picha. picha. kitufe. picha mia mbili na nne.
Akasubiri.
"Nyumba ni nzuri," akasema, "ila mlango sijaupata."

Hrafnkell masikio yakamwiva.
Akavuta kiti, akafuta theluji yote
(kazi ya wiki mbili; nilijua, nikameza mate),
akaandika nyuma ya picha ya kwanza:
Bibi yangu ameshika kikaango. Anacheka. Chapati imemwangukia paka.
Simu ikasoma. Oddgeir akapiga paja.
"Paka wa rangi gani?"
Kwenye kona, bila kuambiwa na mtu,
Sóldís akaanza kuzikoza herufi zake.

Ikabaki picha ya jua lenyewe.
Duara la manjano. Akafuta.
Mwanga mlimani. Akafuta.
Akanitazama. Miaka kumi na minne nafundisha,
na sikuwa na neno la kumwazima.
Nikaikumbuka tovuti ya shule, niliyoijenga kwa mikono hii:
picha mia na ushei, zote bubu.

"Jua nalijua," akasema Oddgeir, akitafuta mkono wa koti.
"Lina upande wake.
Niambie tu nisimame wapi."

Jioni nikizima kompyuta moja moja
nikakuta ya Hrafnkell bado iko wazi:

Ukuta wa ghala la chumvi, kulia mwa mlango.
Saa saba kasoro dakika kumi.
Vua kofia. Ni dakika nne tu.

Na chini yake, kwa herufi kubwa nyeusi,
Bergsteinn ameongeza namba ya simu.