Koili ya Kuazima

Walipoisafisha stoo ya mzee Hruška, ghorofa ya tatu,
waliacha kando ya mapipa mtego wa panya,
skii moja isiyo na mwenzake, na gitaa la umeme
lililobakiwa na uzi mmoja tu, mnene, wenye kutu,
umejikunja kama mkia.
Ostrava ilikuwa na theluji ya Machi, ile chafu.
Nililipakata kwenye tramu kama mtoto aliyesinzia.
Mimi ni dobi wa hospitali, zamu ya usiku.
Gitaa nalijua kwa macho.

Siku ya kwanza nilifungua skrubu kumi na moja,
nikazipanga kwenye sahani, kila moja na zamu yake.
Paka akaruka mezani.
Siku ya pili nilitafuta skrubu.

Rangi ya juu nyeupe, kama mlango wa choo cha shule;
chini yake nyekundu; chini ya nyekundu
kahawia ya kiwandani; na chini kabisa
ubao mtupu, wa rangi ya mkate, unaonukia bado.
Nilipiga msasa hadi vidole vikasahau kushika kijiko.
Ndipo nikaona nimepitiliza: pale mkono unapoegemea
nimechimba kibonde kisichozibika.
Basi, kikae.
Katika gitaa lote, hicho ndicho changu.

Mataruma ya shingo yalikuwa yamelika,
la tatu hasa, na la tano.
Mzee alikuwa na njia zake,
alipita palepale miaka yote, kama tramu namba nane.

Dukani, Radka mwenye kucha za zambarau
alinitazama nikiipima lehemu mkononi
kama mtu anayechagua nyanya.
"Umewahi?"
"Sijawahi."
"Pasha chuma, usiipashe lehemu.
Chuma kikiwa tayari, yenyewe itakuja."
Niliyarudia maneno hayo vituo sita vizima,
na bado niliunguza kidole gumba, kitambaa cha meza,
na waya mwekundu ambao haukuwa na kosa lolote.

Chini ya bamba la plastiki, kwa penseli,
mwandiko wa mtu aliyekuwa akiitwa na wenzake:
*Koili hii ya Mirek. Nimeazima. Nitarudisha.*
Hakuna tarehe.

Mirek gani? Mji huu una akina Mirek
wa kujaza mgodi.
Nikampigia simu binti wa mzee. Alicheka,
kisha akanyamaza kwa muda nikadhani laini imekatika.
"Baba hakuwahi kuniambia kwamba anapiga."
Nikamwuliza kama analitaka.
Akasema ana mkutano.

Dawa ya deni kulipa, wanasema.
Sawa. Umlipe nani?

Jumapili nilichomeka plagi. Likavuma.
Wala haukuwa muziki: mvumo wa friji,
wa nyuki waliofungiwa ndani ya kopo.
Nikajua nimekosea kila kitu tangu mwanzo.
Nikalaza kiganja juu ya nyuzi mpya ili nianze kufungua,
kimya.
Nikakiinua: mvumo.
Nikakilaza: kimya.
Nilikaa hivyo, kiganja juu, kiganja chini,
chai ikapoa.
(Radka anasema ni kawaida, yote hufanya hivyo,
ni habari ya waya wa ardhi tu. Haya.)

Sijui kupiga. Nilibonyeza pale palipolika,
taruma la tatu, nikavuta uzi kwa kidole kilichoungua.
Sauti ikatoka, moja, nzito upande mmoja,
ikakaa jikoni kuliko nilivyoitegemea.
Jirani wa chini akagonga bomba.

Kabla ya zamu nilifungua tena lile bamba,
nikachonga penseli ya macho, sina nyingine,
na chini ya neno lake nikaandika:
*Bado. Libuše, ghorofa ya kwanza.*
Nikarudisha bamba mahali pake,
nikakaza skrubu kumi.