Majibu ya Kuusjärvi

Mtangazaji aliuliza kwa adabu,
kwa sauti ya mtu anayemvua babu viatu:
katika nyimbo zako mia mbili na ushei,
ni upi ulio moyoni kuliko zote?
Ilmari Kuusjärvi akakohoa,
miaka sabini na minne ikakohoa pamoja naye.
Akasema: Friji yangu.
Inashika noti moja usiku kucha
na haijawahi kunidai mrabaha.

Sisi tulikuwa tisa, chumba cha nyuma
cha duka la vifungo la Tuire, mjini Tampere,
redio juu ya maboksi ya zipu,
theluji imefika kwenye kitasa cha mlango wa uani.
Miaka ile tulijaza mabasi mawili kumfuata hadi Lahti.
Sasa tunatosha sahani moja ya maandazi ya iliki,
na moja hubaki.

Osmo akatua kikombe. Anatutukana, alisema,
na koti lake la mwaka themanini na moja
halifungi tena tumboni.
Aulikki akasema anatania.
Pirjo, aliyepeana naye mkono mara moja
na bado anajua ni mkono upi,
alisema polepole: Ni fumbo.

Fumbo mfumbie mjinga, wahenga walisema,
mwerevu ataling'amua.
Hawakusema itakuwaje
werevu wakiwa tisa na chai inapoa.

Mtangazaji akaendelea: Na ile miaka kumi na mmoja
uliyopotea jukwaani, ulikuwa wapi?
Natafuta mfuniko wa sufuria.
Uliupata?
Nilipata wa sufuria nyingine.
Ikabidi ninunue sufuria.

Hapo ndipo chumba kilipowaka.
Sufuria ni kampuni ya rekodi, akasema Osmo,
mfuniko ni mkataba, kila kitu kiko wazi.
Wazi wapi! Mfuniko ni mke wa kwanza,
akasema Aulikki, na sufuria mpya sote tunamjua,
yule mpiga kinanda wa Pori.
Pirjo akataja Mungu.
Mtu akataja ini.
Mimi, nisiseme uongo, nilitaja utoto wake,
na nilipiga meza nikikitaja.

Venla, ana miaka ishirini na mitatu,
alikuja kununua vifungo sita vya koti
akabaki kwa ajili ya maandazi,
alifuta sukari mdomoni:
Labda ni mfuniko tu.

Tulimtazama
kama mtu aliyecheka matangani.

Swali la mwisho. Wale waliokupenda miaka arobaini,
unawaambia nini?
Kimya. Tuire akaigusa antena.
Kimya bado, na ndani yake mtu anapumua,
pumzi ileile iliyotangulia kila kiitikio.
Wavae soksi, akasema.
Sakafu zina baridi mwezi huu.

Hakuna aliyefasiri.
Osmo alitazama viatu vyake, kisha vya Aulikki.
Pirjo alicheka mpaka akaomba leso,
na leso ilipofika hakuwa akicheka tena.
Tukaosha vikombe. Andazi lililobaki
alipewa Venla, pamoja na vifungo, bila kulipa.

Saa nane usiku niko jikoni kwangu,
sikio kwenye mlango wa friji.
Noti ni moja kweli. Ya chini, ina mkwaruzo kidogo,
kama yake tangu ile upasuaji ya koo.
Nikaifuatisha kwa kinywa kilichofumbwa,
nikaikosa, nikaipata.

Kauko akatokea mlangoni, nywele zimesimama.
Kauko hajampenda Kuusjärvi siku hata moja,
huita muziki wake kelele za mtu aliyekwama lifti.
Unasikiliza nini saa hizi?
Kuusjärvi, nikasema.
Mzime basi, tulale.

Siwezi, nikamjibu.
Maziwa yataharibika.