Sababu ya Safari

Katika ofisi ya kijiji, kile cha mwisho kabla ya msitu,
Mwenyekiti Tweve alinifungulia daftari la wageni:
jina, utokako, uendako, sahihi,
na katikati yake safu nyembamba, imebanwa kama ubavu wa mbuzi:
"Sababu ya safari."
Walionitangulia wameandika mbolea. Msiba. Mbolea.
Kuhesabu ng'ombe. Kudai deni. Mbolea tena.
Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza,
nami nimeishika hewani, uzi umekazana,
hadi Mwenyekiti akakohoa:
"Andika hata matembezi."

Sikuandika.
Siku ya tano hiyo tangu Njombe,
na Foniksi ya chuma isiyo na gia,
turubai la kuanikia mahindi, sufuria moja, blanketi,
unga, chumvi, viraka kumi na viwili, gundi tyubu moja.
Hayo si matembezi.
Anayetembea hurudi kabla ugali haujapoa.

Jana yake dereva wa lori la viazi,
lumbesa zimemfurika hadi juu ya kichwa cha gari,
alipunguza mwendo akachungulia: "Pandisha, nikusogeze!"
Nikatikisa kichwa.
"Umekosana na nani?"
Akaondoka. Swali lake nikalisukuma vilima vitatu.

Maana huku mtu hapandi, anasukuma.
Iliyonibeba tangu Njombe sasa naibeba mimi,
bega chini ya fremu, pedali ikinichapa muundi.
Deni ni deni.

Kisha Kitulo, uwanda mtupu, upepo na mimi,
kisha miti ikafunga nyuma yangu.
Kuvumwani zinaning'inia matawini, nyuzi za sweta lililofumuka,
ukungu unapita kati yake bila kugusa kitu,
na katika matope yale, polepole, bila hata kelele ya heshima,
tairi la nyuma likakata roho.

Nikafungua gundi. Imekauka kwa baridi, jiwe ndani ya tyubu.
Nikawasha moto. Kuni zikanitolea machozi, si moto.
Nikakoroga unga kwa maji ya kijito, nikanywa,
nikajiviringisha turubai, kichwa kwenye tandiko.
Usiku kitu kilikohoa juu yangu
kama mtu anayetaka kuingia bila hodi.
Niliogopa.
Nalisema hapa, kwa kuwa daftari halikuwa na safu yake.

Alfajiri nikamwona: kipunji,
nywele zimesimama utosini kama aliyeamshwa ghafla,
anaitazama baiskeli niliyoipindua miguu juu,
gurudumu la mbele likizunguka kidogo kwa upepo.
Akalitazama mpaka likasimama.
Akaondoka, hakuridhika.

Halafu akaja mama na mzigo wa mianzi mikavu,
akautua, akanisalimu kwa Kinyakyusa:
"Ugonile?" Umelala?
Katika siku sita ndilo swali pekee nililokuwa na jibu lake.
Sikulala, mama.
Akacheka. Jina lake Atuganile; marehemu mumewe
alipeleka maziwa Isyonje kwa baiskeli miaka kumi na minne.
Akakata nyasi, akazisokota, akazishindilia ndani ya tairi
kwa kidole gumba, kama anayejaza godoro la mtoto.
"Usikimbie," akasema. "Itakufikisha, ila itakusema njia nzima."

Ikanisema. Kila jiwe lilitajwa.
Niliteremka nikinukia zizi,
viazi, pareto, paini, moshi wa kwanza wa nyumba,
mpaka Isyonje, kwa fundi Ambakisye,
aliyechomoa nyasi konzi baada ya konzi, akaniuliza:
"Ulikuwa unafuga nini humu?"

Nikalipa kiraka. Nikanywa chai ya tangawizi vikombe viwili.
Kule juu jina langu limelala katika daftari,
na pembeni yake, kati ya mbolea na mbolea, pameachwa wazi.
Mwenyekiti asipajaze.
Atakayekuja baada yangu, kalamu hewani, uzi umekazana,
apate pa kuweka kidole.