Utepe wa Udongo

Shimo la futi tano, limechimbwa kwa trekta
nyuma ya uwanja wa mpira, nje kidogo ya Ottumwa.
Mwalimu Lindqvist alishuka kwanza na mabuti yake
akatuita mmoja mmoja, kama agawaye uji.
"Tema mate kiganjani," alisema. "Usione haya."

Nikatema. Nikakanda. Nikausukuma udongo
kati ya kidole gumba na cha shahada
utoke utepe. Wa Colton ulikatika papo hapo.
Wa Maribel ulifika inchi moja.
Wangu, kwa sababu nilikuwa nacheka,
hata haukuanza.

Niliandika: tifutifu.
Nikafuta. Karatasi ya alama haina neno hilo.

Usiku mama alirudi kutoka kiwanda cha nyama,
vidole vimekakamaa kwa kushika kisu saa kumi.
"Leo mmesoma nini?"
"Udongo."
Akacheka mpaka akakaa sakafuni na koti lake.
"Yaani nimevuka bahari, nimepanga foleni za mihuri miaka tisa,
ili wewe ukasome udongo!"

Kisha akaliona donge mfukoni mwangu.
Hakuuliza. Alitema mate,
akalikanda polepole, macho dirishani
kwenye theluji chafu ya maegesho,
na utepe ukatoka,
ukatoka,
ukaning'inia.

"Mfinyanzi," alisema. "Huu usiuguse kwa jembe ukiwa na maji.
Utakulipiza kisasi mpaka mavuno."

Akaenda kunawa kwa sabuni ya vyombo.
Nikatafuta rula.
Inchi tatu kasorobo.