Kipimo cha Moja Hadi Tano

Nilipewa kishikwambi, baiskeli ya kukodi,
na swali moja lililonyooshwa kama kanzu ya Idi:
kwa kipimo cha moja hadi tano,
unaiamini akili mnemba kiasi gani?
Wahojiwa arobaini, Ngamiani,
barabara ya tisa mpaka ya kumi na nne. Siku sita.

Semhina, fundi cherehani, alisema, "Tano,"
bila kuinua mguu kwenye pedali.
Kisha akanipa habari ya harusi ya dada yake,
alivyoiomba simu imtungie beti za kumsifu,
ikatunga kabla uzi haujapita tundu la sindano:

Bibi harusi wa Tanga, ua lenye harufu…

Akahesabu kwa vidole. Nane, halafu saba.
Mstari unachechemea, na mji huu
utakusamehe pilau bichi, si mizani pungufu.
Akailalamikia. Ikajibu: Samahani, umesema kweli.
Ikaleta nane kwa nane, sawasawa:

Bibi harusi wa Tanga, ua lisilo harufu…

"Mizani imetimia," alisema,
"na dada angeachika kabla ya kuvua hina."
Nikamuuliza, bado ni tano?
"Tano. Imekosea nikiwa macho.
Ninaowaogopa ni wale wanaokosea nimelala."

Barabara ya kumi, Mwanakheri,
nesi, ametoka zamu ya usiku, kiatu kimoja mkononi.
"Moja. Kama kuna sifuri, andika sifuri."
Simu yake ikawaka juu ya meza,
swali la alfajiri lingali kwenye kioo:
mtoto wa kilo tisa, dawa ya maji, mililita ngapi?
Akaifunika kwa kiganja,
kama afunikaye sahani nzi wasitue.
Nikaandika moja.
Kishikwambi hakina kisanduku cha kiganja.

Wa kumi na saba, Mwantumu Shekue,
mtunza daftari la upatu wa wanawake ishirini na wawili.
Hakutaja namba.
"Naiamini kama nilivyomwamini mke mwenzangu.
Chakula chake nakila,
ila yeye aanze."
Akageuza ukurasa, akalamba kidole.
"Na usichanganye, mwanangu. Kuamini ni kwangu,
nikitaka leo naamini, kesho naacha.
Amana ni kitu kingine. Amana ina mlango.
Hela za watu zikipotea, wanajua mlango wa kugonga.
Hiyo ya kwenye simu, tukagonge wapi?"

Usiku, gesti ya Chumbageni, feni inakwaruza.
Nilikuwa nimechoka, miguu inanuka vumbi na grisi.
Nikafanya nilivyofanya tangu siku ya kwanza:
nikailisha mashine sauti za watu,
nikaiomba inifupishie.
Ikafupisha. Maneno safi, nukta mahali pake:

Mhojiwa namba 17 ana imani kubwa.
Anailinganisha na mwanafamilia wa karibu.

Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.
Halafu kicheko kikaniganda kooni.
Kumi na sita za kabla yake
nilishazituma ofisini.
Sikuzisoma.

Asubuhi nilikanyaga baiskeli kurudi kwa Mwantumu,
mnyororo ukakatika njiani, nikaikokota.
Nikamsomea kilichoandikwa.
Alicheka, khanga mdomoni, mabega yakitikisika,
akamwita shoga yake wa uani aje asikie:
"Mwanafamilia wa karibu! Mke mwenza!"

Akajifuta machozi.
Akafungua daftari, ukurasa mtupu,
akapiga mstari kwa rula, taratibu,
akaandika jina langu, langu, si la mashine,
akaishika kalamu juu ya karatasi, akanitazama.

"Na wewe uliyeniambia
maneno yangu yako salama,
nikuwekee ngapi?"