Kilipokwama

Shangazi Eduvigis aliendesha lifti ya kilima,
ile inayopanda kwa mshazari, pale Valparaíso,
miaka thelathini na mmoja:
watu, magunia ya viazi, piano moja,
majeneza mawili.
Ikigoma katikati, alikuwa akisema,
usiruke. Piga kengele, ungoje.

Miaka ilipoanza kuitafuna mifupa yake
nilimpa mimi, kwa mkono huu, juu ya kaunta ya duka la dawa,
kidonge cha kila Jumapili.
Nilisema yote yanayotakiwa kusemwa.
Niliyasema kama mtu anayehesabu chenji:
maji glasi nzima tumbo tupu usilale nusu saa.
Nyuma yake foleni, watu saba, wote wanakohoa.

Julai ile baridi ilitoboa kuta za mabati.
Akakisukuma kwa funda moja la chai
iliyolala kikombeni tangu jana,
akarudi chini ya blanketi.

Hakikufika.
Kilinata nyuma ya mfupa wa kifua,
kwenye ukuta mwororo wa umio,
kikayeyuka papo hapo,
kikaunguza pasipokihusu.
Sumu haikuwa. Kilishukia kituo kisicho chake.

Siku tatu alimeza mate kama anayemeza vigae.
Hakuniambia.
Aliniambia jirani, Nolberto,
aliyemwona akiwamwagia paka supu.

Daktari Mimica aliteremsha kamera nyembamba kama uzi wa kiatu,
akanigeuzia kioo:
kidonda, duara, sawa na kifungo cha koti,
na ng'ambo yake pacha wake,
vinatazamana.
Nikakosa pa kuyaweka macho.

"Lifti imekwama," shangazi akanong'ona,
akataka kucheka, akajishika kifua.
"Na kengele sikupiga."

Kile kidonge tulikiacha; sasa ni sindano, mara moja kwa mwaka.
Vya presha bado vipo.
Anavimeza wima, dirishani, glasi mpaka tone la mwisho,
halafu haketi hata umsihi,
anaitazama lifti ikishusha watu wasiomjua
na kuwakosoa wanaoiendesha.

Mimi nimeweka jagi kwenye kaunta.
Natoka nje ya kaunta, nasimama karibu,
nasema neno moja moja, namwambia mtu ayarudie.
Foleni inaguna.
Iache igune.